Ekzosi za Bwana Harusi

Alhamisi, 9 Aprili

Leo nimezishika ekzosi za Mjomba Kiponda kwa mikono yangu. Zilikuwa zimepoa. Nikasema bismillahi kwanza.

Mtaa wetu mzima wa Mishomoroni unazijua. Hazikuja na pikipiki. Mjomba alimwendea mchomeleaji mmoja kule Changamwe na picha ya siwa, lile baragumu la wakubwa wa zamani, akamwambia nataka kama hii, lakini mbili, na zitoe moshi. Fundi akazitengeneza! Zinatoka kwenye injini, zinapita chini ya kiti, zinapanda nyuma, zinafungua midomo. Mjomba akipiga resi, vikombe vya Nyanya vinatembea kabatini. Mimi hutoka nje kusikiliza. Naona haya kusimama bure, kwa hivyo hujifanya naanua nguo. Nyingi nimezianua mbichi.

Sasa zimelegea. Barabara ya machimbo ya Mwakirunge imezitikisa mpaka zimeachia. Ngurumo iko pale pale, lakini katikati yake kuna kwechekweche, kama mtu anayekohoa wakati wa hotuba.

Na Ijumaa ya wiki ijayo Mjomba anaoa.

Leo babake Barke, yaani mkwe mtarajiwa, alikuwa kwetu barazani wakipanga mambo. Mjomba akafika na pikipiki. Kwechekweche! Mzee akaweka kikombe chini. Akasema pikipiki hana neno nayo, hata ingurume kama simba. Lakini bintiye haozwi mtu anayekuja na mlio wa sufuria zilizofungwa kamba. Ama zikazwe, ama Mjomba aje kwa gari kama waungwana.

Kabla Mzee hajafunga mdomo, binamu yangu Mahfudh akasema gari lipo. Lile jeupe la bosi wake. Yeye ndiye dereva. Ataliosha mwenyewe. Ala! Kumbe alikuwa amelala na jibu mdomoni.

Niandike kwa nini moyo wangu ulienda mbio. Kwetu bwana harusi haendi msikitini bila mwavuli, na mwavuli hushikwa na kijana wa nyumba yake. Mjomba akienda kwa pikipiki, mshika mwavuli ataketi nyuma yake, na Kisauni yote itamwona. Akienda kwa gari, mwavuli utabaki nyumbani na Mahfudh atashika usukani.

Mjomba akatazama huku na huku. Akasema atakayeikomesha kwechekweche ndiye atakayeshika mwavuli.

Nikasikia sauti ikisema, mimi. Nikageuka nione ni nani. Ilikuwa yangu.

Ijumaa, 10 Aprili

Mpango wa kwanza: kukaza.

Niko kidato cha tatu na fizikia naielewa. Kitu kikilegea, unakikaza. Nikaazima spana. Nikalala chini ya pikipiki baada ya swala. Mungu wangu, kule chini! Sikujua pikipiki ina tumbo. Mabomba yamepita hapa, waya zimepita pale, kila kitu kinajua kwao. Nikakaa nikitazama tu, mpaka Nyanya akauliza kwani mwana huyu yuna nini, amezimia?

Nikakaza. Bolti likakaza nami. Nikakaza tena, kwa nguvu za mtu anayeona mwavuli. Halafu bolti likaacha kukaza, likaanza kucheza. Linazunguka laini kabisa, halina wasiwasi wowote. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kukaza kuna mwisho.

Mahfudh alikuwa ameegemea ukuta akila ubuyu. Akaniambia zungusha, ndugu yangu, zungusha, itafika Malindi.

Tulipoiwasha, kwechekweche ilikuwa imezaa. Sasa ni mbili.

Jumapili, 12 Aprili

Mpango wa pili: fundi.

Mwikali ana kibanda cha kutengeneza pikipiki karibu na steji ya bodaboda. Ni mtu wa Ukambani, sauti yake inafika kabla yake. Leo alikuwa ametoka kanisani, kavaa ovaroli juu ya gauni la maua.

Nilikuwa nimetunga maneno yangu tangu alfajiri. Nikayasema mbele ya kioo. Nikayasema njiani. Nilipofika mbele yake, na waendeshaji wote wamekaa juu ya pikipiki zao wakinitazama, nikafungua mdomo, kikatoka Kiingereza! Kiingereza cha mtihani. Nilimwomba radhi kwa kumsumbua na nikaanza aya ya pili.

Mwikali akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kikamba. Kirefu. Steji nzima ikaanguka kwa kicheko, kuna mmoja alishuka kwenye pikipiki yake ili acheke vizuri.

Mimi ndivyo nilivyo. Shuleni Kiingereza, nyumbani Kiswahili. Kwa Kiingereza najibu maswali, kwa Kiswahili nanyamaza.

Lakini alikuja. Alipiga magoti kando ya pikipiki ya Mjomba, akaigonga ekzosi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi, akatega sikio. Nikajikuta nami nimezuia pumzi, nisimharibie. Akagonga juu, akagonga chini. Akasema bolti umeliua wewe, na hilo si kitu, ugonjwa uko kwenye kiungo. Bomba la nyuma limepanuka, linacheza ndani ya shingo yake. Inatakiwa shingo mpya ichomelewe. Nikamuuliza, kwa Kiswahili sasa, lini? Akasema kazi zimemjaa mpaka Jumamosi.

Nikamwambia harusi ni Ijumaa.

Akasema basi bwana harusi apande gari, kwani gari lina ubaya gani? Na wewe kijana, usiende ukatia kitu pale ndani. Pale pana moto. Chochote utakachotia kitaungua. Umenisikia?

Nikasema naam. Mimi kila kitu hukisemea naam.

Jumatatu, 13 Aprili

Mahfudh ameosha gari. Bado siku kadhaa na ameshaliosha! Amelifunga na utepe wa waridi kwenye kioo. Nilipita mara nyingi nikiomba kunguru wamsaidie. Kunguru wa Mombasa, wanaochafua kila kitu, leo wote wana adabu.

Niliketi na Nyanya uani akichambua pamba ya mto wa bibi harusi. Nyanya yangu ni Bi Mwanarusi, na ukimkuta na pamba mkononi, lazima akueleze habari za babake. Babake alikuwa fundi wa kalafati. Alikuwa akiziba nyufa za vyombo vya baharini kwa pamba iliyolowa mafuta, akiishindilia kwa patasi na nyundo, tiki tiki tiki, mpaka ubao na ubao zikawa kitu kimoja. Nyanya akasema, mwanangu, bahari nzima yasukuma, yataka kuingia, na pamba yaikatalia.

Habari hiyo nimeisikia tangu naanza kutembea. Leo ndiyo nimeisikia.

Nywele zilinisimama. Bahari nzima! Pamba na mafuta! Kama maji ya bahari hayawezi kupita kuingia, moshi wa pikipiki utapita wapi kutoka? Na bomba linalocheza ndani ya shingo yake litacheza vipi likishindiliwa pande zote?

Mwikali ni fundi hodari, sikatai. Lakini kwao hakuna bahari. Hajui pamba.

Nyanya akauliza mbona nimesimama. Nikasema naenda kuswali. Nikaenda kweli, maana mambo kama haya lazima mtu ashukuru.

Jumatano, 15 Aprili

Imekubali!

Sitasahau siku ya leo. Nilichukua pamba ya Nyanya, ile iliyobaki. Nikailovya mafuta ya nazi ya jikoni. Patasi sikuwa nayo, nikatumia mpini wa kijiko cha pilau na nyundo. Nikashindilia kwenye viungo vyote viwili. Tiki tiki tiki. Mkono ulikuwa ukijua wenyewe. Nilihisi babake Nyanya amesimama nyuma yangu, ameridhika, pengine ananiambia nisiache mkunjo.

Kisha nikanusa. Ilinukia jikoni. Hapana, hii ni harusi! Nikachukua kichupa cha Nyanya cha mafuta ya mawaridi, nikadondosha kidogo. Mkono ukateleza. Kikaingia chote.

Mjomba akaja. Akapiga kiki. Akapiga resi.

Nashindwa kuandika. Ngurumo tupu. Ngurumo safi, nzito, moja, haina mkohozi wala mnung'uniko. Vikombe vikatembea. Nyanya akasema allahu akbar kutoka jikoni. Mjomba alinitazama, mtu mzima, ana ndevu, machozi yamemlengalenga. Akanishika kichwa. Akatangaza kwamba Badi ndiye atakayeshika mwavuli.

Badi ni mimi!

Mahfudh akasema umeiwasha ikiwa baridi, subiri ipate moto uone. Mjomba akamwambia wivu haufai. Nami nikamtazama Mahfudh usoni, jambo ambalo sijalifanya tangu tutahiriwe.

Ijumaa, 17 Aprili

Naandika nimeegesha mguu juu ya mto. Nitaanza na mazuri.

Nilishika mwavuli. Ule mkubwa wa kijani wenye nyuzi za dhahabu pembeni. Mjomba mbele yangu na kanzu, joho jeusi, kilemba, upanga wa babu kiunoni. Mbele yetu wapiga matwari, zile ngoma za mkono, na watu wa kasida. Nyuma yetu bodaboda za steji yote, taa zimewashwa mchana kweupe. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, barabara inang'aa, na sisi tunang'aa juu yake. Watu walitoka madukani. Walipanda juu ya viti. Wote walinitazama na sikufa! Nilidhani nitakufa. Nikanyoosha mgongo.

Ekzosi ziliimba. Hakuna kwechekweche. Niliona watoto wameziba masikio huku wakicheka, na nikajua mlio ule umetoka mkononi mwangu.

Jambo ambalo sikulifikiria ni matwari. Zefe, yaani msafara wa bwana harusi, huenda kwa mwendo wa matwari, na matwari hayana haraka. Pikipiki ikawa inakwenda polepole kuliko wazee wenye fimbo. Injini ikapata moto. Ikazidi.

Kwanza ikaja harufu ya vibibi. Vile vikate vya mchele na nazi, vimeiva kabisa. Nilimsikia mtoto akimlilia mamake anunuliwe. Wanawake waliokaa barazani wakawa wanageuza shingo kumtafuta mpishi.

Kisha yakaja mawaridi. Kichupa kizima. Barabara yote ikawa kama chumba cha bibi harusi.

Kisha moshi. Mweupe, mzito, wa pande zote mbili, unapanda taratibu kutoka midomo ya zile siwa na kutuzunguka. Mama mmoja akasema kwa sauti, mashallah, tazameni, pikipiki yafukiza! Vigelegele vikapasuka. Kila nyumba tuliyoipita, vigelegele. Watu wakatoa simu. Mzee mmoja aliinua mikono akatuombea dua. Ndani ya wingu lile, na mwavuli wangu juu, wallahi sikujua niko Kisauni au wapi.

Mjomba akauliza, bila kugeuza kichwa, kuna nini huko nyuma. Nikasema naam. Akauliza kama huo ni moshi. Nikasema naam. Akauliza kama mguu wangu hauhisi joto. Hapo ndipo nilipouhisi.

Tulikuwa tumeshauona msikiti. Babake Barke amesimama mlangoni na watu wake. Mwali mdogo wa moto, wa rangi ya chungwa, ukachungulia kwenye kiungo cha kushoto. Ukaona pindo la joho. Ukalipenda.

Mjomba akaruka. Na upanga wake, na kilemba chake, akaruka kando kama kijana wa miaka yangu, akatua mikononi mwa wapiga matwari, wakaanza kumpigapiga kwa matwari yenyewe.

Pikipiki haikujua kwamba imeachwa. Barabara pale inateremka kidogo kuelekea msikitini. Ikaendelea. Na mimi nyuma. Mbele yangu kiti kitupu, na juu ya kiti kitupu nimeshika mwavuli, nimenyoosha mgongo, maana hakuna aliyeniambia niushushe. Watu wakatupisha. Nilimpita babake Barke karibu sana. Nikamwamkia shikamoo. Ningefanya nini kingine?

Mbele ya msikiti kuna dimbwi la mvua. Tuliingia ndani yake sote, mimi, pikipiki na mwavuli. Chwaaa!

Halafu kimya. Ekzosi ya kushoto ilichomoka nzima, ikasimama ndani ya tope mdomo juu, ikatoa moshi wa mwisho, kidogo, wa duara. Zefe zima lilisimama likiutazama ukipanda.

Babake Barke akaja mpaka ukingoni mwa dimbwi. Akanitazama. Akaitazama ekzosi. Akamtazama Mjomba, ambaye joho lake sasa lilikuwa fupi upande mmoja. Nilijua harusi imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi. Nikaanza kuomba tope linimeze.

Mzee akasema lo, kwa kweli kwechekweche sikuisikia. Ingieni tufunge ndoa.

Ndoa ikafungwa! Mimi sikuiona. Nilikuwa nje, mguu umewekwa kwenye ndoo ya maji. Niliisikia kwenye kipaza sauti, Mjomba akijibu nimekubali kwa sauti iliyokauka kwa moshi.

Baadaye maarusi walipelekwa nyumbani kwa gari. Jeupe. La utepe. Mahfudh hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitandikia gunia kwenye buti la gari ili nisichafue kiti, akafunga kifuniko taratibu kama daktari.

Jumamosi, 18 Aprili

Mwikali alikuja mwenyewe, hata hakuitwa. Habari zilikuwa zimemfikia na harufu yake.

Akachukua waya, akaingiza kwenye shingo ya ekzosi, akavuta. Ikatoka pamba, nyeusi, ndefu, kama utumbo. Akainusa. Akainusa tena. Kisha akapiga mluzi akaita watu wa steji waje wanuse mmoja mmoja, wakanusa kwa zamu.

Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia babake Nyanya, aliyekuwa akiziba vyombo vya baharini. Akauliza kama vyombo vile vilikuwa vinawaka moto ndani. Nikasema sidhani. Akauliza hilo halikunipa swali? Nikasema naam. Akasema naam ya ndiyo au naam ya hapana?

Lakini alichomelea. Pale pale, uani kwetu, na hakutuambia turudi Jumamosi nyingine. Akasema nisitazame mwanga, utanipofusha. Nikatazama ukuta. Ukuta wetu, ambao siku zote ni wa rangi ya majivu, ulikuwa buluu, kisha mweupe, kisha buluu tena, na kivuli cha Mwikali kimepanda mpaka kwenye paa la jirani, na cheche zinakimbia chini kama shanga zilizokatikiwa uzi. Nikafikiri, huyu anashona chuma. Anashona chuma na anaimba wimbo wa kanisani.

Mjomba akaja kuiwasha, yeye na bibi harusi wake. Ilinguruma. Tamu kuliko Jumatano, lazima nikubali. Machozi yalinitoka. Mwikali akasema si nilikuambia usitazame mwanga?

Barke naye akaniuliza kama ni mimi niliyemsalimu babake nikiwa njiani kwenda dimbwini. Nikasema naam. Alicheka mpaka akashika nguzo. Amesema babake anawasimulia watu wote kwamba hajawahi kuona kijana mwenye adabu kama yule.

Mjomba amenisamehe. Ametoa sharti moja: nisiikaribie pikipiki yake, labda niwe nimefungwa mikono.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo amekuja mgeni wangu. Wangu mimi! Anaitwa Bonface, mmoja wa wale bodaboda waliokuwa nyuma yetu kwenye zefe. Alisimama mlangoni akauliza kama fundi yupo. Nyanya akasema hapa hapana fundi. Bonface akasema yule wa moshi.

Jumamosi Bonface anaoa, kanisani. Mchumba wake, Valarie, aliona video ya zefe letu. Siyo ile ya dimbwi, ile ya vigelegele. Amesema yeye hatoki nyumbani kwao mpaka apate wingu kama lile, jeupe, linalonukia. Ama wingu, ama Bonface amtafute mwingine wa kumwoa. Bonface ameshamwendea Mwikali. Mwikali alimfukuza na spana.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwonyesha mguu wangu. Nikamweleza habari ya mwali na joho. Akaniambia kakangu, nimekuja kwako kwa sababu hakuna mwingine duniani. Alisema duniani. Mbele ya Nyanya.

Nikasema nitafikiri. Nimefikiri mchana kutwa, kwa lugha zote mbili.

Na nimeona! Siku zote hizi nimejilaumu bure. Pamba haikukosea, kazi ya pamba kila mtu aliiona. Kushindilia nilishindilia vizuri. Mawaridi watu wameyasifu. Lililoharibu ni mafuta ya nazi. Ni mepesi, hayana subira, yakiona moto yanauparamia. Samli je? Samli ni nzito. Samli hukaa jikoni kwa Nyanya miezi na haifanyi fujo yoyote.

Bonface anakwenda kununua mkebe mkubwa. Nimemwambia zefe la kanisani liende polepole zaidi, ili moshi upate nafasi.